Maua ya Kubusiwa

Jumatatu, siku kumi na nane kabla ya Ijumaa Kuu, Nidia alifungua ala ya tumba moja la guaria kwa ukucha wa kidole gumba, akakuta pamba ndani. Akaigusa. Pamba ikatembea.

"Yendry! Toka na simu yako! Sasa hivi!"

Binti yake akatoka mbio, mswaki mdomoni, kandambili moja yake na moja ya baba yake. Akapanda ngazi, akaelekeza simu kwenye lile tumba, akavuta picha ikawa kubwa. Vidudu vyeupe vya mviringo, vimejaa unga mwili mzima kama maandazi yanayosubiri mafuta. Havikuwa vitano wala kumi. Vilijipanga chini ya ala baada ya ala, ukuta mzima, kuanzia pembe ya jikoni mpaka karibu na kichanja cha chayote, yale maboga madogo ya kutambaa.

"Mama," Yendry alisema, povu la dawa ya meno likimchuruzika kidevuni, "tumekwisha."

"Tema kwanza, halafu useme vizuri."

Akatema. "Tumekwisha."

Na kweli, ilikuwa ya kukwisha. Hapa Quebrada Onda kila mwaka nyumba moja ndiyo inayovisha Jeneza la Bwana, lenye sanamu ya Yesu aliyekufa, maua siku ya Ijumaa Kuu, na ni guaria tu, zile okidi za zambarau, na lazima zitoke kwenye ukuta wa nyumba hiyo yenyewe. Hununui, huazimi. Kura hupigwa mwaka mzima kabla. Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Nidia avuke mpaka kutoka Rivas, Nikaragua, akaolewa na Evelio Zúñiga, miaka ishirini na moja yote hiyo, kura ilidondoka kwake. Siku ilipotangazwa kanisani, mtu wa viti vya nyuma akasema, tena si kwa kunong'ona, "Kwa yule Mnika?"

Nidia alisikia. Aliendelea kutazama mbele kama vile kaulizwa mtu mwingine.

Sasa ana ukuta wa udongo wenye vigae juu, una guaria zilizopandwa na mama wa mama mkwe wake, una matumba zaidi ya mia tatu, na una pamba inayotembea.

Saa nane mchana doña Olga Marta Quesada alikuwa getini, mwavuli mkononi, mkoba wa kanisani begani. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya Jeneza, miaka kumi na sita mfululizo, na hakuna aliyewahi kugombea naye.

"Nani kamwambia?" Nidia alinong'ona akifuta mikono.

Yendry akatazama chini. "Niliweka picha kwenye stetasi. Nilikuwa naomba ushauri!"

"Umeweka wadudu wetu kwenye stetasi?"

"Watu arobaini na wawili wameshaiona."

"Yesu na Maria." Nidia akatoka na tabasamu la kulazimisha. "Doña Olga Marta! Karibu ndani, kahawa ipo motoni."

"Sikai." Akaingia hatua tatu tu, akanyanyua ala moja kwa ncha ya mwavuli, jinsi mtu anavyonyanyua nguo chafu ya mtu mwingine. Akatazama. Akashusha. "Sikulaumu, Nidia. Kwenu mnajua migomba. Guaria ni kitu cha kuzaliwa nacho."

"Nimezitunza hizi miaka ishirini na moja, doña."

"Ndiyo. Na tunaona."

Chini ya ukuta, kwenye kiti chake cha ngozi, mama mkwe wa Nidia, doña Tránsito, miaka themanini na mbili, alikohoa kwa makusudi. "Olga Marta, huo mwavuli ni wa jua au wa kuchokonolea nyumba za watu?"

"Mchana mwema, doña Tránsito. Mimi natimiza wajibu." Akamgeukia Nidia. "Jumapili ya Matawi, baada ya Misa, kamati itakuja kukagua. Nikiona kidudu kimoja cheupe, kimoja tu, zamu inakwenda kwa mpwa wangu Franklin. Ukuta wake una matumba mia nne. Masafi."

Akaondoka. Nidia alibaki amesimama pale hadi kahawa ikachemka na kumwagika jikoni, harufu ya kuungua ikamjia nje.

*

Jioni ile ile Rolando akaja na pampu mgongoni. Huyu ni mdogo wake Evelio, kazi yake ni kupulizia dawa nyanya na kabichi za watu, mtu wa mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Akaweka juu ya meza ya chakula chupa ya soda yenye kitu cha rangi ya maziwa ndani. Haikuwa na lebo.

"Nusu kifuniko, pampu nzima," alisema. "Kesho asubuhi hata mjusi humkuti."

"Toa hiyo kwenye meza," Nidia alisema.

"Shemeji, imefungwa."

"Toa kwenye meza ninayolia chakula, Rolando."

Akaitoa, akaiweka sakafuni, akajihudumia gallo pinto, ule wali wa maharage, bila kukaribishwa. Evelio alikuwa anakula kimya. Evelio ni mpole. Kazini kwenye kahawa wanamwita Mtakatifu, na si kwa sifa.

"Kila mtu anapuliza, Nidia," alisema hatimaye, macho kwenye sahani. "Mwaka juzi walipuliza, mwaka jana walipuliza. Hatujawahi kusikia mtu kafa."

"Hatujawahi kuuliza."

"Ni maua, siyo nyanya!" Rolando alisema huku anatafuna. "Nani anakula maua?"

Nidia akaweka kijiko chini. "Jeneza likishafika mbele ya kanisa, watu wanafanya nini na maua?"

"Wanachukua."

"Halafu?"

"Halafu nini? Wanabusu."

"Halafu?"

Rolando akajikuna shingo. Alijua. Wote walijua. Ua la Jeneza linabusiwa na kila mwenye mdomo, linapelekwa nyumbani, linatiwa kwenye glasi ya maji, na mgonjwa anapewa yale maji anywe. Wengine wanachemsha. Doña Lidieth, mke wa muuza nyama, yeye hutafuna petali mbili kwa ajili ya kiungulia chake na anaapa kwamba hupona mpaka Krismasi.

"Mvua itaiosha," Rolando alisema, lakini sauti imepungua.

"Mvua ipi, ya mwezi huu? Wewe ukipuliza unavaa nini usoni?"

"Kitambaa."

"Basi tuwaambie watu waje kubusu na vitambaa."

Yendry akacheka peke yake. Rolando hakucheka. Akasimama, akavaa pampu yake. "Mimi natoa dawa ya bure, naitwa muuaji. Sawa. Yupo atakayenilipa." Akachukua empanada moja, sambusa ya boga tamu la chiverre, kwa ajili ya njiani, maana hasira ni hasira na empanada ni empanada, akaenda.

Evelio alikaa kitambo anazungusha kikombe. "Nidia, mimi najali hao wa kubusu. Lakini wewe hujui watakavyokusema tukinyang'anywa."

"Sijui?" Nidia akamtazama. "Mimi ndiyo sijui?"

Evelio akashusha kikombe. "Mpaka Jumapili hii. Ukishindwa, namwita Rolando arudi."

*

Basi vita ikaanza Jumanne, jua halijachomoza juu ya mlima. Yendry alikuwa amesoma usiku kucha, kasoma Wabrazil, kasoma Wathai, kasoma bibi mmoja wa Florida mwenye okidi mia mbili kwenye mwembe wake na paka kumi na moja. Alikuja na orodha: sabuni ya bluu ya kipande, ikunwe, vijiko viwili kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Spiriti ya dukani kwenye pamba, kwa wale waliojificha ndani. Mswaki laini. Suuza kwa maji safi kabla jua halijapiga.

"Na uvumilivu," akaongeza. "Bibi wa Florida anasema uvumilivu."

"Bibi wa Florida ana Olga Marta?"

"Ana paka."

Walifanya ala moja moja. Nidia juu ya ngazi, Yendry chini na ndoo, doña Tránsito kwenye kiti chake akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Spiriti iliisha siku ya kwanza, Nidia akaenda dukani akanunua chupa tatu, na muuzaji akamuuliza mbele ya watu kama kuna karamu kwa Zúñiga. Wapita njia nao hawakukosa neno.

"Nidia! Unaogesha ukuta?"

"Usisahau nyuma ya masikio!"

"Na meno je, mama? Si nauona mswaki?"

Alijibu wa kwanza kwa utani, wa pili kwa utani, wa kumi akaacha kujibu. Vidole vilipauka, ngozi ikajikunja kama ya mtu aliyezama mtoni. Lakini kufikia Alhamisi asubuhi vidudu vilikuwa haba, na Nidia alishuka kwenye ngazi akiimba kitu cha kwao Rivas.

Alhamisi hiyo hiyo, adhuhuri, Evelio akarudi mapema kazini. Nidia alikuwa amekwenda kwa fundi cherehani kupeleka suruali za watu alizozipinda kwa cherehani yake nyumbani. Evelio alitazama ule ukuta, akatazama ndoo, moyo ukamjaa mapenzi. Akamimina chupa nzima ya sabuni ya vyombo, ile ya kijani, akachanganya mpaka povu likapanda, akaupiga ukuta wa upande wa jikoni wote. Jua kali la saa saba. Hakusuuza, maana alidhani sabuni ikikaa ndiyo inafanya kazi zaidi.

Nidia aliporudi, ala za upande ule zilikuwa zimeanza kuwa kahawia, laini, kama karatasi iliyolowa chai. Alizihesabu mara mbili. Matumba arobaini na tatu.

"Nilitaka kukushangaza," Evelio alisema.

"Umenishangaza."

Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Evelio alisimama mlangoni na ile chupa ya kijani, anaigeuza geuza, anasoma maandishi yake kana kwamba yangemtetea.

Jumamosi, pamba ikarudi. Kila mahali, mbichi, nyeupe, kama vile hakuna mtu aliyewahi kupanda ile ngazi.

*

Jumapili walikwenda Misa, wakarudi, hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Evelio alishika simu mara tatu ampigie Rolando, akaiweka mara tatu. Habari zilishafika hata hivyo: Rolando alikuwa ameshapulizia ukuta wa Franklin Quesada, tena mara mbili, kwa kujihakikishia, na alikuwa anasimulia dukani jinsi mijusi ilivyodondoka kama maembe.

Yendry alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukuta, kichwa karibu na vigae, anapiga video bila sababu, kwa hasira tu. Akavuta picha. Akavuta tena.

"Mama."

"Niache, Yendry."

"Mama, wanabebwa."

"Nani anabebwa?"

"Vidudu! Njoo uone! Sisimizi wanawabeba! Wanawabeba mdomoni kama wanapeleka watoto shule!"

Nidia akapanda na viatu vya kanisani. Ilikuwa kweli. Mstari mwembamba wa sisimizi wadogo, weusi, unapanda ukuta. Wengine wanabeba vidudu vichanga, wanavitua kwenye ala safi, ala aliyoiosha yeye kwa mswaki. Wengine wanavipapasa mgongoni, na kidudu kinatoa tone linalong'aa, sisimizi analinywa. Wanawafuga! Yeye anaosha asubuhi, wao wanahamisha mifugo mchana.

"Wanatoka wapi?" aliuliza.

Waliufuata ule mstari kwa kidole, wakashuka nao, Nidia kwenye ngazi, Yendry kwenye vigae, ukapita kwenye ufa wa udongo, ukapita nyuma ya jiwe, ukaishia chini kabisa, pale pale ardhi ilipokuwa nyeusi na yenye kunata. Sentimita ishirini kutoka mguu wa kulia wa kiti cha doña Tránsito.

Nidia akapiga magoti, akagusa ule udongo, akaonja ncha ya kidole. Sukari guru.

Sasa elewa: kila siku, saa tisa alasiri, Nidia humletea mama mkwe wake kikombe kikubwa cha aguadulce, maji ya moto ya sukari guru, na huketi naye kidogo kabla hajarudi kwenye cherehani yake. Hajawahi kukosa hata siku moja.

"Mama," alisema polepole, "aguadulce yako huwa unaifanya nini?"

Doña Tránsito akatazama mlima. "Nakunywa."

"Mama."

"Nakunywa kidogo."

"Mama!"

"Daktari alinikataza sukari tangu Agosti ya mwaka juzi!" bibi akalipuka. "Haya! Umefurahi? Alisema damu yangu imekuwa jamu. Na marehemu mama yangu alikuwa anazipa guaria makombo ya aguadulce, alisema utamu unaleta rangi. Kwa hiyo nilizipa. Sikutupa! Mimi si mtu wa kutupa."

Yendry akaweka simu mfukoni.

"Tangu mwaka juzi," Nidia alisema. "Kila siku nachemsha. Kwa nini hukuniambia, nikuletee chai kavu, isiyo na sukari?"

Bibi alivuta shali yake ingawa jua lilikuwa linawaka. "Chai kavu humletei mtu. Chai kavu mtu anajipikia. Ungeniwekea birika hapo ukaenda kwenye cherehani yako. Ungekaa na mimi kwa sababu gani?"

Nidia alibaki amepiga magoti kwenye tope tamu. Alitaka kugomba. Alikuwa na maneno tayari, yamejipanga, tena makali. Badala yake akasema, "Sogeza mguu, mama. Upo juu ya kichuguu."

*

Walifanya yote siku ile ile. Maji ya moto kwenye kiota, mbali na mizizi. Udongo wa sukari ukachimbwa ukatupwa mtoni. Evelio, bila kuambiwa, akakata matawi yote ya chayote yaliyogusa ukuta, maana ndiyo yalikuwa daraja la pili, kisha akapaka grisi kwenye vitambaa, akavizungusha chini ya ukuta pande zote, na safari hii alimwuliza Nidia kila hatua. "Hapa? Hivi? Nene au nyembamba?"

"Nyembamba, Evelio. Siyo siagi."

Hakuna aliyemtaja Rolando tena. Jumatatu waliosha. Jumanne waliosha. Sisimizi walifika kwenye grisi, wakakutana, wakajadiliana, wakarudi. Kufikia Alhamisi vidudu vilibaki vichache, na matumba ya kwanza yakaanza kupasuka, rangi ya zambarau ikichungulia.

Ijumaa Nidia akaona kitu kibaya zaidi. Upande wa kichanja, vidudu vyeupe vikubwa. Vikubwa mara tatu ya vile vya mwanzo! Vina manyoya marefu meupe, vinakimbia.

"Wamezaa majitu!" alipiga kelele, akashika mswaki.

"Usiguse!" Evelio alimshika mkono. Evelio, ambaye hajawahi kumshika mkono mtu yeyote kwa nguvu. Akasogeza uso karibu, akacheka. "Huyu namjua. Huyu yuko kwenye kahawa. Ni mtoto wa yule mbawakawa mdogo mweusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa. Anajivika manyoya afanane nao, halafu anawala. Siku zote alikuwa kwenye chayote, sisimizi ndio walikuwa wanamfukuza."

"Anawala?"

"Kama Rolando na empanada."

Ikawa shida mpya, na hii ilikuwa shida kweli. Keshokutwa ni Jumapili ya Matawi. Olga Marta kasema kidudu kimoja cheupe. Wakiosha, ukuta utakuwa safi kwa ukaguzi, lakini watakuwa wamewaua walinzi wao, na siku tano zinatosha mabaki kuzaana ndani ya maua yenyewe. Wakiacha, mwenyekiti atakuta majitu meupe yanakimbia mbele ya macho yake.

Siku nzima ya Jumamosi Nidia alipanda ngazi na ndoo, akashuka na ndoo. Akapanda, akashuka. Yendry alimhesabia: mara tisa.

"Mama, unachosha ngazi."

"Kwa nini nisioshe? Nani atanisikiliza, mimi? Nitamwambia 'doña, huyu mweupe ni mbaya, huyu mweupe ni mwema'? Atasema Mnika amechanganyikiwa."

"Kwa hiyo tunaosha?"

Nidia alitazama kitumba kimoja kilichofunguka. Kijitu cheupe kilikuwa ndani, kimeinamisha kichwa, kinakula. Akamwaga ndoo kwenye migomba.

*

Walikuja sita, na viatu vya Misa, matawi ya mnazi mikononi. Doña Olga Marta hakutumia hata dakika moja. Alikwenda moja kwa moja upande wa kichanja, akanyoosha mwavuli.

"Huyo hapo. Na huyo. Na huyo, ameshiba mpaka amefuga ndevu. Mabibi, mmeona. Samahani, Nidia."

"Huyo ni mlinzi, doña."

Wawili wakacheka. Olga Marta akafumba macho kama mtu anayevumilia. "Kila mwizi ana binamu polisi."

"Nipe kiganja chako," Nidia alisema.

"Nini?"

"Basi nipe wewe, doña Lidieth."

Mke wa muuza nyama, ambaye haogopi kitu, akatoa kiganja. Nidia akaweka juu yake kijitu kimoja chenye manyoya. Kisha kwa sindano akachomoa kwenye ala kidudu kimoja, kile cha unga, akakiweka kando yake. Wanawake wakainama, vichwa vyote sita, matawi yakigongana.

Hakuna kilichotokea. Kijitu kilizunguka. Kikaenda kwenye pete ya ndoa, kikarudi. Nidia alihisi jasho likimteremka mgongoni chini ya nguo yake nzuri. Mtu akasema, "Jua kali, jamani, twendeni." Evelio, kule mlangoni, alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Kijitu kikagusa kidudu. Kikasimama. Kikakidaka.

"Mama yangu," alisema doña Lidieth. "Anakula! Anamla! Kula, baba, kula! Angalieni, amemshika kama mguu wa kuku!"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akataka naye awekewe kiganjani. Olga Marta peke yake alibaki amenyooka. Mdomo ulikuwa umekazwa, lakini alitazama mpaka mwisho, mpaka kidudu kikabaki ngozi.

"Vizuri," alisema. "Ni sarakasi nzuri. Lakini Jeneza si mahali pa mlinzi wala mlindwa. Na upande wa jikoni pale mmeunguza."

Walibishana njiani, mbele ya geti, kila mtu anasikia. Mwishowe ikatoka hukumu: nusu kwa nusu. Upande wa kushoto wa Jeneza, Zúñiga. Upande wa kulia, Franklin Quesada. Haijawahi kutokea tangu kanisa lijengwe.

"Nusu," Nidia alisema walipoondoka.

"Nusu ni kitu," Evelio alisema.

"Nusu ni namna ya kusema hapana bila kuonekana mbaya."

*

Ijumaa Kuu walikata alfajiri. Nidia alikung'uta kila ua mara tatu, akapuliza ndani kwa mdomo, watoto wa mbawakawa akawarudisha ukutani mmoja mmoja. Saa sita Jeneza lilikuwa limevishwa. Na lazima isemwe: upande wa Franklin ulipendeza. Maua makubwa, mengi, hayana doa. Upande wa Nidia ulikuwa mwembamba kidogo, na petali mbili tatu zina vidoa.

Maandamano yalizunguka kijiji chote kwenye vumbi, yakarudi mbele ya kanisa saa tisa. Wabebaji wakashusha Jeneza kwenye meza. Padre akasali. Kisha watu wakajipanga, kama kila mwaka, wapite wachukue ua.

Wa kwanza mbele walikuwa Rolando na mke wake, Rolando amembeba mtoto wao Kembly, wa miaka miwili. Walijipanga upande wa kulia, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Kembly akanyoosha mkono kwenye ua kubwa kuliko yote, akalikamata, akalivuta kuelekea mdomoni.

Rolando akampiga kofi la mkononi.

Lilisikika. Ua likaanguka. Mtoto akapiga yowe. Rolando akamfuta vidole kwa shati lake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa haraka, kama mtu anayezima moto. Halafu akaona kwamba watu wote wanamtazama. Akageuka mwekundu mpaka masikioni. Yule mtu wa maneno alizunguka tu Jeneza na mtoto wake, akaenda upande wa kushoto, akachukua ua jembamba lenye doa, akampa Kembly. Kembly akalitia mdomoni lote.

Mstari mzima ukahama. Haukuvunjika, hakuna aliyesukuma. Ulijikunja tu kama nyoka, ukapita kwenye miguu ya Jeneza, ukatokea upande wa pili. Doña Lidieth akachukua matatu. Bibi mmoja aliyekuwa ameshabusu ua la kulia alikuwa anajifuta midomo kwa shali. Nidia alisimama pembeni na Yendry, anatazama upande wake unavyokwisha, vijiti vinabaki, waya unaonekana, na upande wa pili umejaa, wa zambarau, mzuri, hakuna anayeukaribia.

Doña Olga Marta alichelewa, kama mwenyekiti anavyotakiwa. Akafika mbele ya Jeneza peke yake. Kushoto hapakuwa na kitu tena. Franklin alikuwa anamtazama. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama. Akanyoosha mkono wenye glavu nyeusi, akachukua ua la kulia, la ukoo wake. Akalipandisha. Likafika kidevuni, likasimama hapo, kwa sababu hawezi kulibusu na hawezi kulishusha.

Nidia alikuwa na moja. Alikuwa amejiwekea, kifuani, kwenye kifungo. Akapita katikati ya watu, akalitoa lile ua vidoleni mwa mwenyekiti, taratibu, akalirudisha kwenye waya wake.

"Hili, doña," akasema, akampa la kwake. "Busu hili."